Mshikwa na Povu

Kuna methali ambayo sijawahi kuipenda: mshikwa na ngozi ndiye mwizi. Naelewa ilikotoka. Ng'ombe amepotea, watu wametafuta usiku kucha, asubuhi jamaa mmoja anapatikana na ngozi mbichi begani. Utasema nini? Lakini methali hiyo ina uvivu ndani yake. Inatuambia tusitafute zaidi. Ngozi imeonekana, bega limeonekana, kesi imekwisha. Haiulizi nani alichinja, nani alikula nyama, na nani alimpa huyu mtu ngozi aibebe mchana kweupe.

Nimeifikiria sana mwaka huu kwa sababu ya bia. Si bia ya chupa, ambayo ukiifungua imefunguka. Nasema bia ya kegi, ile inayopitia kwenye mrija mpaka kwenye mfereji, na hasa nasema povu lake. Bia ikitoka povu tupu, kila mtu chumbani anageuka kumtazama aliyeshika mfereji. Hakuna anayeangalia chini, kwenye friji, wala nyuma, kwenye mtungi wa gesi. Povu limeonekana mkononi mwake, basi ni lake.

Swali langu ni hili, na sidhani ni la walevi peke yao: kitu kikiharibika mwishoni mwa mnyororo mrefu, nani alipe?

Nianze na nyumba ya jamaa yangu, kwa sababu huko nilipata kuona mnyororo wote ukiwa wazi. Anaishi Kahawa West, fleti ya chumba kimoja cha kulala. Baa fulani ilikuwa inafunga, wakauza vitu, naye akanunua friji yenye tundu juu, mnara mfupi wa chuma wenye mfereji, regyuleta, na mtungi wa gesi. Sisi marafiki tukaanza kuchanga kila mwisho wa mwezi kununua kegi ya lita 30 kutoka kwa watengenezaji wadogo wa hapa Nairobi. Ukigawanya, glasi inatoka bei nafuu kuliko baa, na hakuna mtu wa kukufukuza saa tano usiku.

Wikendi ya kwanza tulikunywa povu. Sitanii. Glasi ya kwanza povu, ya pili povu, ya tatu bia kidogo chini na wingu juu. Na kila mtu akawa profesa. "Inamisha glasi, manze!" "Punguza gesi!" "Wewe huna mkono wa bia, lete nimimine mimi." Huyo wa mwisho alipomimina likatoka povu vilevile, tukacheka, tukamwambia hata yeye hana mkono.

Sasa, povu ni nini? Bia ya kawaida, lager, hubeba gesi ya kaboni dioksaidi karibu mara 2.5 ya ujazo wake. Yaani ndani ya lita moja ya bia kuna lita mbili na nusu za gesi zilizojificha, nawe huzioni. Zinazuiliwa na walinzi wawili: baridi na shinikizo. Mkemia mmoja Mwingereza, William Henry, aliieleza kanuni ya shinikizo mwaka 1803: kadiri gesi inavyosukuma juu ya kimiminika, ndivyo inavyoyeyuka ndani yake kwa wingi. Baridi nayo husaidia gesi ikae. Mlinzi mmoja akilala, gesi inatoroka, na kutoroka kwake ndiko tunakokuita povu.

Kwa hivyo yule aliyesema "punguza gesi" alionekana ana akili. Na ukipunguza, kwa dakika chache mambo yanatulia kweli, bia inatoka polepole, watu wanakupigia makofi. Shida inakuja kesho yake. Shinikizo likiwa dogo kuliko bia inavyohitaji, gesi inaanza kutoka ndani ya bia ikiwa bado iko kwenye mrija. Inatengeneza mapengo ya hewa. Ukifungua mfereji unasikia kikohozi: bia, hewa, bia, hewa. Halafu povu, tena baya kuliko la jana. Na mtu aliyepunguza jana akiona povu leo atafanya nini? Atapunguza tena.

Hapo ndipo mimi nilishtuka. Shinikizo likizidi, unapata povu. Likipungua, unapata povu. Ukiitazama glasi peke yake huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Dalili moja, sababu mbili zinazopingana kabisa, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Nafikiri mambo mengi ya maisha yako hivyo, lakini acha nisiruke haraka, nimalize bia kwanza.

Jamaa yangu alikuwa na kijitabu kilichokuja na regyuleta. Kilisema ukiwa na bia ya nyuzi 3 za selsiasi, weka geji kwenye 11 au 12 psi. Akaweka 11. Povu. Kijitabu hakikudanganya. Kiliandikwa tu na mtu aliyekaa usawa wa bahari. Geji haipimi shinikizo lote lililo ndani ya kegi. Inapima tofauti kati ya ndani na hewa ya nje. Pwani, hewa yenyewe inasukuma kwa karibu 14.7 psi. Nairobi, tukiwa juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, hewa inasukuma kwa karibu 12. Ili bia yako ishikilie gesi ileile, lazima geji yako isome karibu 14. Mtu wa Mombasa afuate kijitabu, atakunywa vizuri. Mtu wa Kahawa West akikifuata kwa uaminifu wote, atapata povu, kisha ataambiwa hana mkono wa bia. (Nilipoacha chuo, mwaka wa pili, wengi waliniambia shida ni mimi, sikufuata maagizo. Sina haja ya kulilia hilo hapa. Ila nikiona kijitabu sasa, jambo la kwanza ninalojiuliza ni kiliandikwa urefu gani kutoka baharini.)

Halafu kuna mrija. Bia inaposafiri ndani yake inajisugua kwenye kuta, na kule kujisugua ndiko kunakokula shinikizo kidogo kidogo, ili ifike mfereji ikiwa imetulia. Kwa mrija wenye upana wa ndani wa milimita 5, watu wa bia za nyumbani hupendekeza urefu wa mita 3 au zaidi. Wa jamaa yangu ulikuwa mita moja na nusu. Yule aliyekuwa na baa aliukata ili ndani ya friji paonekane nadhifu. Kwa hivyo bia ilikuwa inafika mlangoni bado inakimbia, na mtu anayefika kwenye mlango mbio haingii kwa adabu.

Kuna na mnara. Friji ina baridi chini, lakini mnara uko nje, kwenye joto la sebule. Bia iliyolala ndani ya mnara kati ya glasi moja na nyingine inapata joto. Tulitumbukiza kipimajoto: glasi ya kwanza nyuzi 11, ya tatu nyuzi 4. Ndiyo maana ukikaa nusu saa unapiga stori, glasi inayofuata ni povu, halafu zinazofuata zinakuwa afadhali. Dawa yake ni feni ndogo, tuliitoa kwenye kompyuta iliyokufa, tukaifunga ndani ya friji ipulize baridi kwenda juu.

Na kuna kegi yenyewe, ambayo ililetwa kwa bodaboda ikiwa imelazwa, ikatikisika kutoka kiwandani mpaka mlangoni, kisha ikafunguliwa saa moja baadaye kwa sababu watu walikuwa na kiu. Bia ikitikiswa hivyo na kupata joto njiani inahitaji kukaa kwenye friji karibu siku nzima ndipo itulie. Kuna uchafu kwenye mrija pia, maana mabaki ya bia hujenga utando ambao viputo vya gesi hupenda kuanzia hapo. Unafaa kuoshwa kila wiki mbili. Kuna glasi yenye vumbi au iliyotoka kuoshwa kwa maji ya moto. Kuna mpira mdogo kwenye kiungio cha kegi ambao ukichakaa unaingiza gesi pasipofaa.

Na ndiyo, mkono upo. Mfereji wa bia haufunguliwi nusu. Ukiufungua kidogo kwa uoga, bia inapita kwenye tundu jembamba, inavurugika, povu. Fungua wote, kwa mara moja, glasi ikiwa imeinama, halafu uinyooshe mwishoni. Sitaki kusema mkono hauna kosa kamwe. Lakini utauhesabu mkono wa ngapi kwenye orodha hii? Sisi tuliuanza wa kwanza.

Tulichofanya Jumapili moja ni rahisi. Tulichukua karatasi. Tukakubaliana tubadilishe kitu kimoja tu, tungoje, tumimine, tuandike. Mrija ulikuwa wa plastiki inayoangaza ndani, kwa hivyo tukaumulika kwa tochi ya simu kuona viputo vinaanzia wapi. Vikianzia karibu na kegi, tazama mpira wa kiungio, joto la bia, au shinikizo dogo. Vikianzia juu, ni mnara. Ilichukua siku kadhaa kwa sababu ukigusa geji inabidi ungoje mpaka kesho ndipo bia ikuambie ukweli. Jibu likawa mchanganyiko: geji chini kuliko inavyofaa, mrija mfupi, mnara wa moto. Mkono ulichangia kidogo sana. Siku hizi anapata vidole viwili vya povu juu, vile vinavyopendeza, na hakuna mtu anayesema lolote kuhusu nani amemimina.

Kwa nini tuliweza? Nimejiuliza. Hatuna ujuzi. Jamaa yangu anauza bima, mimi naandika makala kwa watu wanaochelewa kulipa. Nadhani tuliweza kwa sababu povu la nyumbani halina wa kulipishwa. Pesa zilikuwa zetu sote na zilishaliwa. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuficha glasi mbaya. Mtu akifungua mfereji nusu alisema, "Hiyo nilifungua nusu, msiihesabu." Fikiria sentensi hiyo. Ni sentensi ya ukweli mtupu, na ilimtoka mtu bila kutetemeka.

Sasa twende mahali ambapo sentensi hiyo haisemeki.

Baada ya chuo nilifanya kazi kaunta ya baa moja kando ya Thika Road, karibu miezi minane. Sitaitaja. Tulikuwa na mifereji miwili, kegi za lita 50, glasi za nusu lita. Hesabu ya bosi ilikuwa ya darasa la nne: lita 50 gawanya kwa nusu, glasi 100. Kila Jumatatu alikuja na daftari. Kegi ikitoa glasi 88, zile 12 zilizopungua alizizidisha kwa bei ya kuuzia (si bei aliyonunulia, angalia hapo) na akawakata waliokuwa zamu. Glasi ilikuwa shilingi 300. Piga hesabu. Sisi tulilipwa 800 kwa zamu.

Aliyekatwa zaidi ni mama mmoja tuliyemwita Anti, kwa sababu alikuwa ametupita umri sote na alitupakulia chakula kabla ya kujipakulia. Alifanya zamu za Ijumaa na Jumamosi, siku za watu wengi, siku ambazo friji inafunguliwa kila mara na kegi mpya inawekwa kabla haijapoa. Kwa maneno mengine, siku za povu. Tena mwenye zamu za pesa nyingi kwa bosi ndiye aliyekuwa na deni kubwa zaidi.

Tazama lile povu vizuri, maana hapa kuna ujanja uliochukua miezi nami kuuona. Povu likiingia kwenye ndoo, ni hasara, Anti atalipa. Povu lilelile likibaki juu ya glasi ya mteja, ni bia, limeuzwa. Tuseme kila glasi ya nusu lita ina bia mililita 450 na juu yake povu. Lita 50 sasa zinatoa glasi 111. Glasi 11 ambazo hazikuwahi kuwepo kwenye kegi zimelipiwa. Sijawahi kuona bosi akija Jumatatu na daftari kusema, "Jamani, wiki hii kuna glasi 11 za ziada, tugawane." Povu lina thamani likiwa la mteja na lina deni likiwa la mhudumu, na pande zote mbili pesa zinaenda mfuko mmoja.

Wengine wamegombania jambo hili kwa uzito kabisa. Munich kuna chama cha kupinga umiminaji wa hila, kilianzishwa mwaka 1899 na kufufuliwa 1970, kazi yake kuhakikisha lita ya bia ni lita. Ujerumani glasi za baa lazima ziwe na mstari unaoonyesha bia ifike wapi, povu likae juu ya mstari. Uingereza wao wana glasi nyingi za painti zinazojazwa mpaka ukingoni, na mwongozo wa watengenezaji bia unasema kimiminika kisipungue asilimia 95. Unaweza kucheka, ati watu wazima wanapima povu. Lakini ule mstari kwenye glasi ni hati ya makubaliano. Unasema mapema, kabla mtu hajakasirika, povu ni la nani. Glasi zetu hazikuwa na mstari. Mahali pasipo na mstari, mwenye daftari ndiye anayeuchora, na anauchora baada ya mechi kwisha.

Kuna sheria pia, hapa kwetu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara au uharibifu wa mali yake, kiasi kinachofaa, ikiwa hasara hiyo imetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi. Na upungufu wa pesa unakatwa kwa aliyezembea au kuiba, ambaye mkataba wake unasema wazi amekabidhiwa pesa. Sasa niambie ni mkataba gani, Anti hakuwahi kuona karatasi. Nilimsomea kifungu hicho kwenye simu wakati wa mapumziko. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kijana yangu, hiyo ni nzuri sana. Utaisoma mbele yake ama mbele yangu tu?"

Wanafalsafa wamezungumzia mnyororo huu. John Stuart Mill, kwenye kitabu chake cha mantiki cha 1843, alisema kwamba ukitaka kuwa mkweli, sababu ya jambo ni masharti yake yote kwa pamoja, na hatuna haki ya kuchomoa moja na kuliita ndiyo sababu. Ni kweli, lakini hainisaidii Jumatatu asubuhi. Ukimwambia bosi sababu ya povu ni jumla ya masharti yote, atakuambia jumla hiyo ilikuwa zamu Ijumaa.

Anayenisaidia ni R. G. Collingwood, aliyeandika mwaka 1940. Mfano wake ni gari lililozimika mlimani. Kwake yeye, kwa mtu anayeuliza kwa nia ya kutenda, sababu ya jambo ni lile sharti ambalo yeye mwenyewe ana uwezo wa kulibadilisha. Ni kama mpini: sababu ni pale mkono wako unapoweza kushika. Kwa hivyo watu tofauti wakitazama ajali moja wanaweza kutaja sababu tofauti na wote wawe sawa, kwa kuwa kila mmoja ana mpini wake.

Weka hilo kwenye baa. Mpini wa Anti ni mfereji: aufungue wote, ainamishe glasi. Akijiuliza "mimi nifanye nini?", jibu ni hilo, na alilifanya vizuri kutuliko sote. Mpini wa bosi ni mrefu zaidi: urefu wa mrija, namba ya geji, fundi wa friji, kegi ya akiba iwekwe kwenye baridi tangu Alhamisi. Funguo za chumba cha nyuma alikuwa nazo yeye peke yake, na geji tulikatazwa kuigusa. Yeye akijiuliza swali hilohilo la Collingwood kwa unyofu, majibu yote yako kwake. Lakini bosi hakujiuliza. Alichukua swali lililo la mtu kujiuliza mwenyewe akalielekeza kwa mwingine: "Wewe ungefanya nini tofauti?" Na kila wakati kuna kitu. Kila wakati, hata ukiwa malaika, ungeweza kuinamisha glasi kidogo zaidi. Ndiyo maana aina hii ya lawama haishindwi kwenye mabishano.

Najua kuna watakaonijibu. Wa kwanza atasema wahudumu wengine huiba, wanampa rafiki glasi mbili za bure na kuandika povu. Kweli, wapo, nimewaona. Lakini daftari la glasi 100 haliwezi kumtofautisha mwizi na mrija mfupi. Linawakata wote sawa, na ukishakatwa ukiwa mwaminifu, faida ya kuwa mwaminifu iko wapi? Niliona kilichofuata. Kuna walioanza kurudisha bia ya ndoo kwenye glasi za wateja waliokuwa wamelewa kiasi cha kutojua. Ndoo ikawa tupu, daftari likapendeza, na bosi akaamini shida imetatuliwa kwa sababu amekuwa mkali. Povu halikupungua hata tone. Kilichopungua ni habari zake. Sisi kule Kahawa West tulijua kila glasi mbaya ilitoka saa ngapi na nyuzi ngapi. Yeye, mwenye mali, alikuwa mtu wa mwisho kujua mfereji wake unafanya nini.

Wa pili ana hoja nzito zaidi. Atasema ukianza kupanda mnyororo hutasimama. Bosi naye ana walio juu yake. Stima inapotea. Kegi inaletwa ikiwa na joto. Ushuru unabadilika: kegi ya bei nafuu ililetwa Kenya mwaka 2004 ili kuwavuta watu kutoka kwa chang'aa, ikapewa unafuu wa ushuru, na serikali ilipoupunguza unafuu huo mwaka 2013 bei ikapanda na mauzo yakaanguka vibaya. Mwenye baa hakuketi kwenye kikao hicho. (Na sina shaka ni nani aliyetukanwa na wateja jioni hiyo bei ilipobadilika.) Kwa nini basi tusimamishe lawama kwa bosi?

Sisimamishi lawama kwake kwa sababu yuko juu. Kama kegi imefika na joto na hana la kufanya, basi hilo si lake, nami nisingemkata kitu. Simhesabii stima. Namhesabia mrija. Aliuona, aliambiwa, ulikuwa ndani ya uwezo wake, na hasara ya kutoubadilisha haikumgusa kwa kuwa alishaihamishia kwa mtu mwingine. Hapo ndipo ninapoweka tofauti. Ukishajenga utaratibu ambao hasara ya uzembe wako inalipwa na mtu wa chini yako, umejifunga macho mwenyewe, na huwezi kusema hukuona.

Baada ya ile Jumapili ya karatasi na tochi nilimpigia Anti. Bado anafanya kazi palepale. Nikamweleza yote: geji, mnara, feni ya kompyuta. Nikamwambia hasa kuhusu mrija, kwamba ule wa pale kaunta naukumbuka, hauzidi mita moja na nusu, na kwamba wa mita 3 unanunuliwa kwa pesa chache kuliko anazokatwa kwa wiki mbili. Dakika kumi na bisibisi, bosi hata hatajua. Mimi mwenyewe ningekuja kuufunga.

Alinyamaza kidogo. Nilisikia glasi zikioshwa nyuma yake.

"Na nikiununua mimi," akasema, "hiyo si ni kukubali lilikuwa kosa langu?"

Nikamwambia hapana, ni kujiokoa tu. Akauliza nani atanunua wa pili huu ukichakaa. Nikasema labda povu likipungua bosi ataona tofauti. Akasema ndiyo, ataona tofauti, ataona ule ukali wake umefanya kazi.

Mrija nimeununua. Uko hapa kwangu, umekunjwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, na Anti hajaniambia niulete.